Kisanduku cha Mwisho

Fomu ya chuo ina kurasa nne, wino umefifia.
Nimeshajaza: upasuaji wa dharura, saba.
Kusoma eksirei, nane.
Kumpa mgonjwa habari mbaya, nane na nusu
(nusu hairuhusiwi; nimeiandika kwa penseli).
Kimebaki kisanduku cha chini kabisa,
pale muhuri unapogongwa:
Utetezi wa afya ya jamii. Moja hadi kumi.
Na mimi, mwalimu wake, kalamu imenigandia.

Mimi nani alinifundisha?
Enzi zetu jeraha lilioshwa, likafungwa,
huyu aende, mwengine aingie.
Miaka kumi na mmoja hapa Malindi
nimefunga miguu ya watu wa Gongoni,
nami chumvi naitia kwenye mchuzi
bila kuuliza imepita wapi.

Dkt. Zulekha Bwanaheri alikuja mwezi wa Machi
na daftari la mistari, la watoto wa shule.
Wiki ya tatu akaniuliza:
Mbona hawa wote ni visigino?
Kabibi Mwaro, kisigino. Nyevu, kisigino.
Changawa, kisigino, na kidole gumba hakina kucha.
Nikamjibu kimwalimu: Andika dawa.
Akaandika dawa.
Chini yake akaliandika lile swali.

Jumamosi akaenda kwenye mabwawa ya chumvi,
saa saba, jua limekita utosini.
Akavua viatu.
Hilo sikumtuma. Fomu haisemi popote: vua viatu.
Alisimama humo dakika ishirini
akatoka na malengelenge mawili
na ukimya ambao sikuwa nimeuona kwake.

Barua ya kwanza kwa meneja: kurasa tano, majedwali matatu.
Nikamwambia, hii ni jeneza, izikwe.
Andika nusu ukurasa. Taja unachotaka. Taja siku.
Ndilo somo pekee nililomfundisha.
La pili alifundishwa na Kabibi, mlangoni pa kliniki:
Daktari, ukituita wanyonge tena
mkutanoni utakwenda peke yako.

Basi wakaenda pamoja, ofisi ya chifu, nami nyuma kama mtahini.
Zulekha alitetemeka, chai ikamwagikia karatasi.
Akataja idadi isiyo sahihi. Akasimama. Akasema, nimekosea,
ni kumi na saba, si ishirini na saba.
Meneja akatabasamu: Na hayo mabuti nani atayalipa?
Hapo Kabibi akafungua bandeji, taratibu,
kama mtu anayefungua barua ya mwenzake,
akaupandisha mguu juu ya meza.

Sijui ukimya ule una alama ngapi.

Gambuti zililetwa Juni. Jozi arubaini.
Watu mia mbili na kitu.
Zote namba kumi, za wanaume wa mahali pengine,
na wavunaji wengi ni wanawake.
Wanazijaza matambara, wanatembea kama bata, wanacheka.
Machi vidonda kumi na saba, Agosti kumi na vitano.
Labda ni gambuti. Labda ni mvua.
Nikihesabu jozi, ameshindwa.
Nikihesabu visigino, hajafaulu.
Nikihesabu nini, basi?

Nikampelekea Kabibi ile fomu.
Akauliza, Kumi ni nyingi?
Nikasema, hapana iliyozidi.
Basi msimpe, akasema. Akipewa kumi hatarudi.

Nimeandika saba. Nimefuta.
Nimeandika sita, nikafuta, karatasi inataka kutoboka.
Muhuri unanisubiri, posta hufunga saa kumi na moja.
Dirishani nawaona, kwenye baraza la wagonjwa wa nje:
Zulekha amepiga magoti na futi ya fundi cherehani,
anapima nyayo, moja moja, anaita namba,
tano, tano na nusu, nne,
na aliyeshika lile daftari la mistari,
anayemwambia rudia, sikusikia,
ni Kabibi.